Moteri Iliyooshwa kwa Sabuni

Bugarama, Cyangugu
Agosti 2001

Kwa Mama yangu mpenzi, Buyenzi, Bujumbura

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Mama, nakuamkia kwa heshima zote anazostahili mzazi. Natumaini barua hii itakukuta umekaa barazani, miguu imepungua kuvimba, na kile kikohozi cha vumbi kimekuachia kifua. Sisi huku tu wazima, ukiacha joto, ambalo kwa watu wa Bugarama halihesabiwi kuwa ugonjwa. Baba watoto bado yuko kwenye kazi ya saruji, anarudi jioni mweupe utadhani amelala kwenye gunia la unga. Watoto wanakusalimu, na mdogo ameanza kusema jina lako, ingawa hata kuku anawaita kwa jina hilo.

Umutoni, mwanangu, wewe unayemsomea bibi yako: soma polepole na usiruke mistari. Najua tabia yako. Barua iliyopita uliruka ukurasa mzima ukakimbilia salamu zako, dada Zubeda aliniambia. Hii ukiiruka utajuta.

Mama, barua yako niliipata kwa mkono wa yule dereva wa lori, na nimeisoma mpaka mikunjo yake imeanza kuchanika. Umeniambia wajomba wamekaa na kushauriana. Wanasema karibu miaka mitano imetosha, Sudi asomewe khitma kabla ya Ramadhani, ili roho yake ipumzike na yako nayo ipumzike. Nawe umewajibu kwamba hawatafungua msahafu mpaka mimi, niliyemfuata kaka yangu tumboni, nitoe neno langu. Sikuwakasirikia wajomba. Kumlilia mtu asiye na kaburi kunachosha. Tangu vile vita vya Bukavu vya mwaka wa tisini na sita, alipotoka kwenye karakana alikokuwa akifunga waya za ndani ya moteri, watu wakasema wamemwona akikimbia na umati kwenye barabara ya milimani, hatukuletewa hata kofia yake.

Neno langu limo ndani ya barua hii. Ila halikuja peke yake, limekuja na mashine ya mpunga, kwa hiyo nivumilie nikueleze ya mashine kwanza. Unanijua, mimi sijui kufika mahali bila kuzunguka.

Nilikwisha kukuandikia kwamba wanawake wa hapa tumeunda ushirika. Tuko mchanganyiko: wajane, wenye waume gerezani, Wakatoliki na Waislamu, na mwanzoni kila mtu alikuwa anakaa na wa kwake na kumtazama mwenzake kwa pembe ya jicho. Mpunga ndio uliotukalisha mkeka mmoja. Tulikuwa tumechoka kuuza mpunga na maganda yake, halafu tunarudi sokoni kununua mchele uleule tuliolima. Mwenyekiti wetu ni Maman Marguerite, mama mmoja mwembamba wa mwili lakini mnene wa sauti, anayelima karibu na mfereji mkubwa. Yeye ndiye aliyekumbuka kwamba mashine ya kukoboa ya zamani bado iko kwenye kibanda, imekaa tu, moteri yake ilikwenda na waporaji mwaka wa tisini na nne. Tukachanga, tukavuka Bukavu, tukanunua moteri iliyokwisha kutumika kwa mzee mmoja muuza vyuma anayeitwa Papa Mushagalusa.

Ilipofika, hakuna aliyetaka kuiwasha. Sababu ni kwamba kwenye kinu kimoja huko chini bondeni waliwahi kuleta moteri kama hiyo, wakaiunganisha siku hiyohiyo kwa furaha, na mama aliyekuwa akimwaga mpunga alipogusa chuma cha mashine umeme ukamrusha hadi ukutani. Yuko hai, lakini mkono wake mmoja haukunji tena vidole. Anakuja sokoni, tunamwona. Kwa hiyo Maman Marguerite alisema kwamba chombo hakitawashwa mpaka apatikane mtu wa kukipima, tena mtu anayejua kweli.

Hapo tukakutana na shida ambayo sikuwahi kuifikiria. Utamwajirije mtu wa kazi usiyoijua? Fundi wa viatu utamjua kwa kiatu, mpishi utamjua kwa chungu. Umeme hauonekani, na kila mwanamume wa bonde hili aliyewahi kubadilisha balbu anajiita fundi wa umeme. Mama mmoja wa ushirika, bila ubaya wowote, aliniuliza kama mimi si ndiye niliyekuwa na kaka wa kazi hiyo. Nilimjibu ndiyo, nilikuwa naye, nikaondoka kwenda kuchota maji ambayo hatukuyahitaji.

Ufunguo ulitoka kwa Maman Marguerite. Anasema ulimjia kanisani padri akiwa bado anahubiri, Mungu amsamehe. Kila fundi atakayekuja ataulizwa swali moja tu: ni kitu gani kinaweza kumkataza asiiwashe moteri ile?

Wa kwanza alitoka hapahapa, ni yule anayepima waya kwa kidole kilicholambwa. Aliposikia swali alicheka. «Mimi? Hakuna kitu. Ninawashaka tu.» Maman Marguerite alimshukuru, akampa kikombe cha maji ya ndizi, akamsindikiza hadi barabarani. Wa pili alitoa jibu lilelile, ila yeye alilitoa kwa Kifaransa.

Wa tatu alikuja kwa pikipiki kutoka Kamembe, ana karakana yake upande wa juu wa soko. Jina lake Védaste Munyaneza. Mama, ungemwona! Shati jeupe limepigwa pasi hadi makunyanzi yameomba msamaha, viatu vinang'aa, na manukato yake yalifika kabla yake. Tulimpa benchi akalipangusa kwa leso, akaikunja leso, akakaa. Mukamusoni, mwenzetu wa ushirika, alipomwita fundi, akamrekebisha mbele ya watu kwamba yeye si fundi, yeye ni teknisien. Nikajisemea, huyu tumepata bwana harusi, hatujapata mtu wa moteri.

Lakini alipoulizwa swali, alinyoosha mkono na kuanza kuhesabu vidole. Hataiwasha kama waya za ndani zinavujisha umeme kwenye ganda. Hataiwasha kama beringi zinagonga, kama kebo ni nyembamba, kama mashine haijafungwa waya wa kwenda ardhini, kama hakuna dijonkteri ya kukata umeme wakati wa hatari. Hataiwasha kama kuna mtoto karibu, kama sakafu ina maji, kama yeye mwenyewe amelala vibaya. Vidole vikamwishia akaanza upya. Maman Marguerite ikabidi amkatize. «Inatosha, Papa. Tumekuchagua.» Alikasirika kidogo, kwa sababu alikuwa hajamaliza.

Akasema atarudi wiki ijayo na vyombo vyake, na akatukataza kabisa kuiwasha. Ya kuiosha hakuyasema. Hapo ndipo alipokosea, maana alikuwa bado hajawajua wanawake wa Bugarama.

Unajua kwetu mgeni anavyopokelewa. Ua unafagiliwa, mitungi inasuguliwa, hata mafiga yanapanguswa. Na Védaste kwa wakati ule ndiye mgeni mkubwa tuliyekuwa tukimtarajia. Mukamusoni, ambaye nyumbani kwake unaweza kula chini sakafuni, aliitazama ile moteri imejaa grisi nyeusi na vumbi, ndani yake manyigu wamejenga, akagonganisha viganja. «Mugeni hawezi kukuta kitu chafu hivi. Ni haya!» Basi tukakusanyika. Sabuni ya mche, majivu, na maji ya mfereji. Tukaisugua nje, halafu tukaona aibu ya kuacha ndani, tukamimina ndoo kupitia yale matundu yake mpaka nyumba ya manyigu ikatoka. Mimi nilishika beseni, nisikufiche. Tukaipangusa kwa kitenge, ikang'aa kama sufuria ya arusi, na Mukamusoni akaifunika juu kwa kitambaa cha kufuma, kile wanachofunikia redio.

Védaste alipofika alifurahi. Alikitoa kile kitambaa kwa vidole viwili, akakisifu, akakikunja. Kisha akafungua sanduku lake akatoa chombo anachokiita mega. Ni kisanduku cheusi chenye mkono wa kuzungusha, na kioo chenye mshale. Waya mmoja anaubana kwenye shaba ya moteri, mwingine kwenye ganda lake, anazungusha, na mshale unamwambia kama umeme utabaki kwenye shaba au utatoroka kwenda kwenye chuma ambacho sisi tutakishika. Mshale ukisimama juu, salama. Ukilala, hatari.

Mshale ulilala. Akabana upya, akazungusha upya, ukalala. Akauliza kama mvua imenyesha, tukamwambia mvua ya Agosti ataipata wapi. Ndipo Mukamusoni, kwa fahari zote, akamweleza jinsi tulivyoisafisha, nje na ndani. Védaste akaketi juu ya gunia bila kulipangusa. «Moteri inaogaka tangu lini, ba maman?» Maman Marguerite peke yake alisema kwa sauti ya chini kwamba hilo nalo angetuambia mapema.

Nilidhani ataondoka. Badala yake akavua lile shati jeupe, akalitundika msumarini, akabaki na fulana. Alisema maji yanaweza kuwa yamepita tu kama mgeni, au yamehamia. Kujua hakuna njia nyingine ila kuifungua, kuikausha, na kuipima tena na tena. Kama vanishi ya ndani ni nzima, itapona. Kama imepasuka, tuagane nayo. Mimi nilikuwa namtazama akifungua zile skrubu na kuzipanga kwenye kitambaa cha Mukamusoni kwa mstari, na moyo wangu ulikuwa unaniuma, kwa sababu Sudi naye alikuwa akizipanga hivyo kwenye meza yako ya chakula, ukimfukuza.

Tuliikausha kwa njia tunayoijua sisi. Tuliianika kwenye uwanja wa mpunga, juu ya mkeka, tukaigeuzageuza kufuata jua na kufukuza kuku. Mawingu yakija tunaisogeza ndani na kuizungushia mbabula, yale majiko ya makaa, si karibu sana. Védaste alilala kwa Maman Marguerite muda wote huo, na nasikia alimfundisha mjukuu wake kupiga pasi kola. Kila alipopima, mshale ulipanda kidogo kuliko mara iliyotangulia. Mwishowe ukasimama. Akatuita tuje tuuone, kila mtu kwa zamu yake, hata wasioelewa, na akatukataza kupiga vigelegele karibu na chombo chake.

Lakini hata hapo hakuiwasha. Akatuchimbisha shimo nyuma ya kibanda, penye unyevu, akashindilia fimbo ya shaba na kuizungushia makaa na chumvi. Hiyo ndiyo njia ya umeme kushuka ardhini ukipotea. Maman Marguerite aliona chumvi na makaa vinaingia shimoni, akamuuliza waziwazi kama yeye ni mganga. Védaste alicheka kwa mara ya kwanza, akasema waganga hawapimi baada ya kumaliza.

Siku ya kuiwasha, watu wote walirudi nyuma hadi barabarani. Yeye alikwenda akaweka kiganja chake juu ya chuma cha mashine, palepale tunapomimina mpunga, akaagiza Maman Marguerite abonyeze. Maman alipiga ishara ya msalaba, mimi nikasema bismillahi, na moteri ikanguruma. Mkono wa Védaste ulibaki palepale, naye akatugeukia uso umetulia. Mpunga ukaingia na ganda lake, mchele ukatoka mweupe. Yule mama mwenye mkono usiokunja vidole alikuwa amekuja kutazama. Akasogea peke yake, akaugusa ule mchele kwa mkono wake mzima, akacheka. Nilifurahi, Mama. Nilifurahi mpaka nikaona haya kufurahi hivyo. Sasa watu wanaleta mpunga hata kutoka upande wa Ruhwa, na wake za wafungwa na wajane wanapanga foleni moja.

Umutoni, hapa simama. Mletee bibi yako maji, mwite mama yako Zubeda aje akae karibu naye, ndipo uendelee.

Mama, kuna jambo nimeliruka makusudi.

Ndani ya moteri kuna waya za shaba zilizokunjwa mafungu mafungu. Vichwa vya mafungu hayo hushonwa kwa uzi ili yasitikisike, kisha vyote hupakwa vanishi. Siku ile Védaste alipoifungua, kabla hatujaianika, alichungulia ndani na kufyonza meno. «Nani alishonaka hii sawa matela?» Alimaanisha godoro. Akasema amezifungua moteri nyingi lakini mshono wa namna hiyo hajauona, na akaongeza, kwa kuwa yeye husema kweli hata ikimkera, kwamba ni mshono imara kuliko wake. Nilisogea nami nikachungulia.

Uzi unazunguka mara mbili, unapita chini ya wenyewe, halafu unarudi nyuma na kujinyonga. Ni fundo lako, Mama. Ni lile ulilolibuni kwa sababu magodoro ya Baba ya majani ya mpunga yalikuwa yanapasuka pembeni, na Baba, Mungu amrehemu, akakataa kukiri kwamba lako linashinda lake hadi wateja wa Kamembe walipoanza kuliulizia. Ulitufundisha mimi na Sudi. Mimi halikunikaa mkononi. Yeye lilimkaa, ila katika mkono wa kushoto, kwa hiyo fundo lake linaegemea upande wa pili. Ulimpiga vidole mpaka akazoea kula kwa mkono wa kulia, lakini sindano ulimwachia kushoto, ukasema godoro halijui sunna.

Mafundo yale yote, Mama, yanaegemea upande wa Sudi.

Nilikaa palepale sakafuni, na wenzangu wakadhani nimepigwa na umeme wa moteri ambayo haijaunganishwa popote. Nikawaambia fundo lile ni la nani. Maman Marguerite alinishika bega, akasema nisilie wala nisicheke kwanza. Nikamuuliza Védaste kama kazi ile inaweza kuwa ya zamani, ya kabla ya vita, maana Sudi alizifunga moteri nyingi Bukavu. Alikwangua vanishi kwa ukucha, akainusa, akaweka kipande juani kikanuka tena. Akasema vanishi kuukuu hainuki hivyo, hii haijamaliza miaka miwili. Akanisihi nisiamini kipimo kimoja, hata kama ni chake.

Kwa hiyo wakati moteri ikikauka, tulivuka daraja la Rusizi, yeye na mimi, tukamwendea Papa Mushagalusa. Alipotuona alidhani tumekuja kumrudishia chuma chake, akaanza kuapa kwa watoto wake wote. Tulipomtuliza na kumweleza, akakaa, akakumbuka. Moteri ile iliungua kwenye kinu kimoja cha tambarare ya Rusizi, akainunua ikiwa maiti, na kiangazi cha mwaka jana akaipeleka Uvira kufungwa upya. Ilirudi kwa lori ikapita hapahapa Bugarama, mbele ya mlango wetu, ikaenda Bukavu, nasi tukaifuata huko kuinunua! Nikamuuliza aliyeifunga ni nani. «Ile kijana ya Uvira? Banamwitaka Fundi Matela. Anashonaka na mukono ya kushoto.» Jina lake la nyumbani halijui. Anajua tu kwamba anafunga Ramadhani, karakana yake iko kwenye njia ya kwenda bandarini, na hapendi kuulizwa kwao ni wapi.

Hilo la mwisho lisikuvunje moyo. Nimelifikiria sana. Tangu vita vilipoanza tena mwaka wa tisini na nane, upande ule jina la Kinyarwanda si kitu cha kutembea nalo mdomoni. Na nyumba yetu ya Kamembe unajua ina watu wengine. Akituma ujumbe pale, atajibiwa kwamba hatupo, na neno «hatupo» katika miaka hii lina maana moja tu. Labda yeye naye, Mama, alikwisha kutusomea khitma sisi.

Kwa hiyo neno langu kwa wajomba ni hapana. Waweke msahafu kwanza.

Lakini sitaki unisadiki mimi. Macho yangu yanapenda kuamini, nimekwisha kuwaona akina Sudi wengi sokoni kwa miaka hii, nikiwafuata hadi wanageuka. Védaste alikata kipande cha mwisho cha ule uzi chenye mafundo mawili kamili, akapafunga upya mahali pake kwa mshono wake mwenyewe. Nimekizungushia kitambaa na kukitia ndani ya bahasha hii. Vanishi imekikausha, lakini fundo linashikika. Najua macho yako hayaoni tena sindano. Vidole vyako havijawahi kudanganywa na mtu. Umutoni, mpe bibi mkononi, na mnyamaze nyote.

Kama vidole vitakataa, Mama, niandikie, nami nitakuja tumsomee pamoja, na sitasema neno tena.

Kama vitakubali, usisubiri jibu langu. Uvira iko hapo ng'ambo yenu, milima yake unaiona asubuhi ukiamka. Usimtume mjomba. Mwanamume akienda kumuulizia Mnyarwanda kwa jina lake, karakana nzima itageuka, naye atakana au atakimbia, na tutampoteza mara ya pili. Mimi pia siwezi kwenda, ulimi wangu utamsaliti kabla sijamaliza salamu. Lakini akina mama wa Buyenzi wanavuka kila siku kununua mawese na samaki, hakuna anayewauliza kitu. Nenda nao, na Umutoni akushike mkono. Ukifika kwake, usimwite, usimuulize jina wala kwao. Mtilie huu uzi mkononi, halafu umuulize ni nani aliyemfundisha kufunga hivi.

Wasalimie sana dada Zubeda na mumewe, wajomba wote bila kuwabagua, na majirani wa barabara yenu wanaonikumbuka. Maman Marguerite anakuombea kwa rozari yake na amesema usikatae, Mungu ni mmoja. Mukamusoni anakusalimu na anakutumia mche wa sabuni. Baba watoto anakupa mkono wa heri. Mwenyezi Mungu akupe nguvu za miguu na akulinde njiani, kwenda na kurudi.

Ni mimi binti yako akupendaye,

Zulaikha